Stelingi Iliyotaka Kuninyima Rasoa

Tangu nirudi Jumatatu sijapumzika. Nikienda kuteka maji naulizwa, nikikaa kunyolewa naulizwa. Mmoja anasema nilikamatwa Juja nikiwa chakari. Mwingine anasema aliyelewa ni Mzee Nahashoni, tena akaendesha gari ndani ya kahawa ya watu. Jamani! Nimeamua kuandika ili asiwepo wa kunikatiza. Atakayewasomea wenzake asiongeze chumvi, maana iliyomo inatosha.

Mnajua nilichokuwa nakifuata. Rasoa, binti wa Mzee Nahashoni, anakaa Ruiru kwa shangazi yake kwenye shamba la kahawa. Mchungaji wa kule alikubali kututangaza kanisani Jumapili ile, kwa sharti moja: baba mtu afike mwenyewe kabla jua halijazama Jumamosi, aweke sahihi kitabuni kwamba ameridhika. Mchungaji alikuwa anahama wiki ileile, na anayekuja mahali pake hakuna anayemjua. Naye Mzee alishasema Ruiru atakwenda mara moja tu, hana mguu wa pili.

Mzee Nahashoni mnamjua pia. Ndiye anayeshika funguo za stoo hapa shambani, ni mzee wa kanisa, na akipita mahali palipokuwa na busaa mwezi jana anaziba pua. Yeye Mragoli, mimi Mbukusu, kwa hiyo tunaongea Kiswahili kama watu wa ofisi. Bwana mwenye shamba alikuwa ananituma Ruiru na pikapu nikachukue pampu ya maji, nikamwomba Mzee tuongozane.

"Nitakwenda," akasema. "Tena nitakuwa nakuangalia, kijana. Nikiona dalili ya pombe kwako, hata moja, sahihi yangu utaisikia tu."

Nikacheka moyoni. Mimi pombe sijaionja tangu nibatizwe. Sikukumbuka ile gari.

Kambini mpaka kwenye kizuizi

Ile pikapu mnaijua kwa nje. Ilitoka jeshini vita vilipokwisha, na magurudumu yote manne yanavuta, kwa hiyo matope kwake si kitu. Lakini ikifika maili ishirini na tano kwa saa stelingi, ule usukani, inaanza kutetemeka, na ikikaribia thelathini ni kama umeshika mkia wa ng'ombe anayekataa josho.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi. Mzee alikuwa amevaa koti lake jeusi, kikapu cha kuku aliyepikwa mapajani. Kiti cha abiria kilishaoza zamani, kwa hiyo alikalia gunia lililokunjwa na macho yake yakawa sawasawa na mikono yangu. Hakuangalia barabara hata kidogo.

"Kijana, mikono yako inatetemeka."

"Ni stelingi, baba."

"Hm," akasema, na ile "hm" yake ilikuwa ndefu.

Kabla ya Thika tukakuta kizuizi cha askari, mambo ya Hali ya Hatari. Nikazima gari, nikatoa leseni. Sasa sikilizeni: mtu akishika stelingi ile tangu asubuhi, mikono haijui kwamba gari imesimama. Leseni ikawa inapepea kama jani la mgomba, na hapakuwa na upepo.

"Umekunywa nini?" askari akauliza.

"Sijanywa, afande. Ni stelingi."

Askari akaiangalia stelingi. Imetulia, hata haipumui. Akaniangalia mimi. Halafu akainama dirishani upande wa pili. "Mzee, huyu dereva ni mtu wako? Unamjua?"

Nikamgeukia Mzee Nahashoni. Nimemchotea maji mtu huyu, nimemwezekea jikoni, nimekaa nyuma yake kanisani nikiimba sauti ya nne ili anisikie.

"Mimi ni abiria tu," akasema.

Iliniuma, sitaki kuwaficha. Tuliporuhusiwa nikaendesha polepole, chini ya ishirini, ili mikono ipoe. Baiskeli yenye mzigo wa viazi ikatupita, na mwenye viazi akatupungia mkono. Mzee akasema dereva asiye na kitu kichwani haendeshi namna hiyo. Nikienda mbio mimi mlevi, nikienda polepole mimi mlevi! Tukafika Thika alasiri, mimi nimenuna, yeye anasoma Zaburi.

Thika, kwa fundi Njoroge

Fundi Njoroge ana kibanda chake karibu na reli. Alijifunzia kazi jeshini, mtu mfupi, mpole, sikio lake moja limeinuka kidogo kwa kusikiliza injini za watu. Nikamweleza kwamba stelingi inatetemeka.

"Inaanza ngapi?" akauliza.

"Saa mbili," nikajibu, maana ndiyo saa tuliyoondoka.

Akanitazama sana. "Nauriza mbio. Mbio ngapi?"

"Aa! Ishirini na tano."

"Rakini umesema saa mbiri."

Mzee Nahashoni akakohoa. Nikajua hiyo nayo imeandikwa mahali.

Fundi hakufanya haraka. Aliinua mbele kwa jeki, akashika tairi juu na chini akalisukuma, akalishika kushoto na kulia akalisukuma tena, jicho limefungwa. Akakaza nati zote za magurudumu. Ndani ya rimu moja akakuta udongo uliokauka, bonge kama mkate, akaniambia gurudumu lenye bonge upande mmoja lazima licheze ngoma. Akabanduabandua. Kisha akahamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele. "Kama ni tairi, kutetemeka itahama," akasema. "Kama haihami, si tairi." Na ile gia ndogo inayovuta magurudumu ya mbele akaitoa, akasema barabara kavu haiitaki.

Nilimpenda kwa sababu ni yeye peke yake, siku nzima ile, aliyeamini kwamba mgonjwa ni gari.

Lakini kujaribu pamoja na sisi hakuweza. Wakati huu Mkikuyu hatoki mjini bila kibali, na ofisi ilikuwa imefungwa. Akapanga hivi: kesho asubuhi nitaendesha mpaka ng'ambo ya reli, nigeuze, nipite mbele ya kibanda chake kwa mbio ya thelathini bila kusimama, niendelee na safari yangu ya Ruiru. Yeye atasimama kando asikilize. Akisikia kitu atapiga kelele.

Tulilala palepale kwake. Mke wake, mama Wambui, alitupakulia githeri, na hapo ndipo nilipoaibika. Kijiko kilikuwa kinaondoka na mahindi na maharagwe, mdomoni kinafika na maharagwe mawili. Mengine yote yalirukia kwenye koti la Mzee.

"Ngai!" mama Wambui akasema. "Huyu ana homa?"

"Ingekuwa homa ningeshukuru," Mzee akamjibu, akiokota harage kwenye kola.

Asubuhi fundi akamhurumia Mzee kwa lile gunia. Akamletea boksi la sabuni, tupu, la mbao, Mzee akalikalia kama hakimu. Tukaenda ng'ambo ya reli, nikageuza, nikakanyaga mafuta. Ishirini na tano, kimya. Ishirini na nane, kimya! Nilianza kuimba. Kwenye thelathini, mbele kabisa ya kibanda, ikaja yote kwa pamoja, mpaka kofia ya Mzee ikaangukia kwenye kuku.

Fundi Njoroge alikuwa kando ya barabara, ameinama, sikio mbele. Tulipompita akaruka juu na mikono yote miwili. "Imeregea!" akapiga kelele. "Imeregea!"

Ninyi mnajua sisi huku kambini tukisema kuregea ni kurudi. Nikatoa kichwa dirishani. "Naona, fundi!" nikamjibu. "Imeregea yote!" Nikampungia mkono kumshukuru, nikaenda zangu. Kwenye kioo niliona bado anaruka. Nikasema moyoni, fundi mwenye huruma namna hii sijawahi kuona.

Juja, na habari ya boksi

Juja tulisimama dukani, Mzee anywe chai. Mimi chai niliiacha kikombeni niiangalie tu. Hatujamaliza, akafika kijana mmoja kwa baiskeli, kibali kimechomoza mfukoni, jasho linamtiririka, akauliza nani mwenye pikapu ya jeshi.

"Fundi Njoroge ameniambia nikimbie," akasema akihema. "Amesema, boksi imeregea. Boksi! Hiyo tu. Msiende mbari." Akanywa maji, akaendelea zake na baiskeli.

Tukatazamana na Mzee.

"Boksi imeregea?" nikasema. "Imerudi kutoka wapi?"

Mzee Nahashoni ndiye mwenye stoo, na mambo ya vitu vya watu anayaelewa upesi kuliko sisi. Uso ukambadilika. "Si imeregea, kijana. Iregee! Anataka boksi lake liregee. Alinikopesha nikalie pale kibandani, nawe umeliondoa na gari!"

"Baba, si alikuona umelikalia tunaondoka?"

"Kwa hiyo alikuwa anaruka kwa sababu gani? Kwa furaha?"

Mzee akasimama, akasema yeye hajawahi kubeba kitu cha mtu, na hataingia Ruiru kumwoza binti akiwa amekalia boksi la wizi. Nikaangalia jua, nikamwangalia Mzee, nikageuza gari.

Maili zote zile tukarudi Thika, na gari inatetemeka, na mimi natetemeka, kwa ajili ya boksi la sabuni. Fundi hakuwepo, ametoka kununua vyuma. Mama Wambui alikuwa anaanika mahindi. Mzee akamkabidhi boksi kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa maneno mazuri kabisa.

Mama Wambui akaligeuza, akachungulia ndani, akaligeuza tena. "Mmerudi kutoka Juja," akasema, "kureta hii?"

"Ndiyo, mama."

Akatuangalia mmoja baada ya mwingine, halafu akaingia ndani akatuletea uji. Nadhani aliona tunahitaji chakula.

Njiani kwenda Ruiru, Mzee akishika

Sasa ilikuwa saa nane imepita. Mzee yuko kwenye gunia tena, magoti kwenye kidevu, na kuku kwa joto ameanza kunuka. Nikienda mbio, mikono inakwisha na Mzee anahesabu dhambi zangu. Nikienda polepole, jua litazama. Tulipopita Juja mara ya pili nikasikia hasira imenipanda mpaka masikioni. Nikasimamisha gari.

"Baba," nikasema, "shika wewe."

"Nishike nini?"

"Stelingi. Unasema mimi mlevi. Haya, wewe hujanywa tangu uzaliwe. Shika uone. Na mimi nitalala juu ya madigadi, bati linalofunika gurudumu la mbele, niliangalie, nijue kitu gani kinaanza kucheza kwanza."

Nilidhani atakataa. Alivua kofia, akaniambia, "Sogea."

Barabara ilikuwa imenyooka, hakuna mtu. Gari zile za jeshi zina kijiti cha mafuta cha mkono. Ukikivuta, zinakwenda bila kukanyaga. Nikatia gia, nikavuta kijiti, Mzee akateleza akashika stelingi, mimi nikatoka kwa mlango nikapanda juu ya madigadi ya mbele. Kwenye madigadi ile kuna tundu la kutu kama sahani. Nikalala kifudifudi, nikachungulia.

Hesabu yangu ilikuwa na kosa moja. Nilimwonyesha Mzee jinsi ya kushika. Kusimama sikumwonyesha.

Barabara ikaanza kuteremka. Ishirini. Ishirini na tano. Nikasikia sauti ya Mzee ndani, "Yesu wangu! Yesu wangu!" na sauti yenyewe inatetemeka kama mtu anayeongea huku anapigwa mgongoni. Mimi jicho liko kwenye tundu. Gurudumu linacheza, ndiyo. Chuma kinachounganisha magurudumu kinacheza, ndiyo. Lakini huku juu, ule mti wa stelingi unaposhuka na kuingia kwenye kile chuma kizito kilichofungwa kwenye chesisi kwa boliti nne, nikaona kitu. Kile chuma chenyewe kilikuwa kinaruka! Kinanyanyuka, kinakaa, kinanyanyuka. Boliti zimelegea zote.

Na kile chuma, mafundi wanakiita boksi. Boksi ya stelingi.

Boksi imelegea. Mungu wangu! Wakikuyu hawana L! Boksi imeregea! Yule mtu alisikia kwa sikio tu, gari ikimpita, akajua, akaruka juu na mikono miwili, akatuma na baiskeli, na sisi tumekwenda Thika kurudisha mbao za sabuni. Nikaanza kucheka palepale juu ya madigadi, kifua kinagonga bati.

"Kijana!" Mzee akalia. "Hii kitu inasimama wapi?"

Nikainua kichwa. Mbele kulikuwa na kona. Mzee hakuwa na habari na kona. Aliendelea kunyooka kama mtu mwaminifu, tukavuka mtaro, tukaingia kwenye kahawa katikati ya mistari miwili, matawi yananipiga huku na huku, mpaka nikashika mlango, nikaingiza mkono, nikazima ufunguo. Gari ikazama kwenye udongo laini ikatulia. Matawi machache tulivunja, mti hatukung'oa hata mmoja, kwa hiyo wanaosema tulifyeka shamba waache uongo.

Mzee hakuachia stelingi. Nilimbandua kidole kimoja kimoja.

Nikatoa spana, nikaingia chini. Boliti tatu nikazikaza mpaka zikalia, ya nne ilikuwa haipo kabisa, nikachomoa moja ya bodi nikaiweka pale. Tukatia ile gia ndogo, magurudumu manne yakavuta, tukatoka kahawani kinyumenyume. Na kutoka pale mpaka Ruiru, thelathini, thelathini na tano, stelingi imetulia kama imelala. Nilitaka kulia. Mzee alikunja mikono kwapani.

Ruiru, mbele ya kitabu

Jua lilikuwa limekaa juu ya miti tulipoingia kwa mchungaji. Alikuwa amefunga masanduku yake tayari, kimebaki kitabu mezani. Rasoa alikuwepo na shangazi yake. Aliniangalia nilivyo, majani ya kahawa kichwani, akaleta chai.

Mzee Nahashoni akapokea kikombe. Kikombe na kisahani vikaanza kuongea. Ka-ka-ka-ka. Akakiweka chini haraka, chai nusu iko mezani. Mchungaji akamsogezea kitabu na kalamu. Mzee akashika kalamu, na kalamu ikawa inatafuta mstari kama kuku anayedonoa.

Mchungaji akainuka kidogo, akainama juu ya meza kana kwamba anataka kuona maandishi vizuri. Alikuwa anamnusa. Mzee wa kanisa, ndugu zangu, ananuswa mdomo mbele ya binti yake!

"Mzee wangu," mchungaji akasema taratibu, "mkono huu una nini?"

Mzee akafungua mdomo. Niliona neno linavyomkwama. Halafu akalitoa, kwa sauti ndogo.

"Ni stelingi."

"Ni nini?"

"Stelingi. Ya gari."

Mchungaji akachungulia dirishani. Gari ipo, imesimama, imetulia. Akamrudishia macho Mzee, na ile sura mimi naijua, ndiyo niliyotazamwa nayo siku mbili nzima. Rasoa akashika mdomo. Mzee akanigeukia, jasho kwenye paji la uso, na mimi nikakumbuka "mimi ni abiria tu". Nilikumbuka vizuri sana, sitaki kujifanya malaika. Ningeweza kukaa kimya kidogo, aonje.

Lakini alikuwa anatetemeka na ni mzee, na alishika stelingi ile kwa kiburi changu.

"Mchungaji," nikasema, "huyu baba hanywi. Namjua. Gari ilikuwa mbovu, na boksi ya stelingi imelegea, ndiyo imemfanya hivyo. Mimi ndiye shahidi wake."

Mchungaji akanitazama. "Na wewe, kijana, shahidi wako nani?"

"Mimi," Mzee Nahashoni akasema kabla sijavuta pumzi. Akaishika kalamu kwa mikono miwili, akaandika jina lake. Mkiliona mtasema mchwa ndio waliopita.

Kurudi

Jumapili tulitangazwa. Jumatatu tukapakia pampu, tukaanza safari ya nyumbani. Thika tukapita kwa fundi Njoroge. Alipotuona alikuja amebeba boksi la sabuni kichwani.

"Nirisema imeregea!" akanifokea. "Imeregea! Imeregea! Wewe unanipungia mkono!"

Nikamwomba msamaha kwa lugha zote ninazozijua. Akaingia chini, akaangalia boliti zangu, akanipa ya kweli ya nne, akampa Mzee lile boksi, safari hii kwa ushahidi wa mama Wambui kwamba ni zawadi.

Kwenye kizuizi alikuwepo askari yuleyule. Nikazima gari, nikatoa leseni. Ilitulia mkononi mwangu kama imegandishwa. Askari akaichukua leseni, akaangalia mikono yangu, akainama dirishani.

"Leo dereva wako hatetemeki, mzee."

"Hata Ijumaa hakuwa anatetemeka," Mzee Nahashoni akasema kutoka juu ya boksi lake. "Ilikuwa gari. Na si dereva wangu. Huyu ni mkwe wangu."

Askari akanirudishia leseni. Nikanyoosha mkono kuipokea, na mkono ukaanza, wa kulia, halafu wa kushoto, leseni inapepea, na kila boliti kwenye gari ile ilikuwa imekaza.

"Sasa ni nini tena?" Mzee akaniuliza.

"Imeregea, baba."